Jinsi ya kuendesha wiki katika zizi dogo la farasi wa mbio

Maelezo haya ni ya anayeanza kufunza farasi wa mbio kwa kiwango kidogo: farasi sita, masaisi (watunza farasi) watatu, mpandaji mmoja wa mazoezi, na mkufunzi ambaye asubuhi hushika reki kama wenzake. Mfano wetu ni wa Nairobi, ambako mbio hukimbiwa kwenye nyasi za uwanja wa Ngong chini ya Jockey Club of Kenya, mara nyingi Jumapili, katika mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwenu mbio zikiwa Jumamosi, rudisha ratiba yote nyuma siku moja.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: nguvu ambazo farasi ataingia nazo uwanjani Jumapili, anakuwa ameshazipata kufikia Jumatano. Kuanzia Alhamisi huwezi kumwongezea kitu, unaweza kumpunguzia tu. Wakufunzi wapya wengi hupoteza mbio zao Ijumaa asubuhi, pale wanapomkimbiza farasi mara moja ya ziada ili wajihakikishie kwamba yuko tayari.

Kila alfajiri, kabla ya tandiko

Saa kumi na nusu alfajiri saisi huingia kwa farasi wake. Awe ni yuleyule kila siku, farasi wawili kwa saisi mmoja, kwa sababu ugonjwa hujulikana na anayeijua kawaida ya mnyama. Asimguse kwanza. Atazame hori: farasi ambaye siku zote hulamba hori hadi likang'aa, akibakisha hata konzi mbili, kuna jambo. Atazame kinyesi: farasi mzima hunya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, vibonge vyenye unyevu vinavyopasuka vikianguka. Ukikuta marundo mawili tu ya usiku kucha, tena makavu, angalia ndoo ya maji, kisha mtazame farasi mwenyewe: je, anageuka kuangalia ubavu wake, anakwaruza sakafu kwa kwato, au anataka kujilaza na kugaagaa? Hayo ni maumivu ya tumbo. Ondoa chakula chote, mwite daktari wa mifugo, na usimpe dawa ya kuharisha kwa kubahatisha.

Baada ya hapo joto la mwili. Joto la kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, na alfajiri kabla ya kazi huwa upande wa chini. Anayezidi 38.5 hatoki, hata kama anakula na anaruka. Virusi vya njia ya hewa huanza hivyohivyo, na farasi akikimbizwa siku ya kwanza ya homa, unaweza kupoteza wiki kadhaa badala ya siku tano.

Kisha miguu. Hapa usiharakishe. Chuchumaa kando ya bega la farasi, kamwe usipige magoti, na shika mguu wa mbele chini ya goti. Kidole gumba kiwe upande mmoja wa kano za nyuma ya mfupa na vidole viwili upande wa pili. Teremsha mkono polepole hadi kwenye kifundo. Kano yenye afya ni kama kamba iliyonyoshwa: ngumu, baridi, kingo zake zinahisika. Unachotafuta ni joto, ulaini unaofanana na mkate uliolowa, au mahali ambapo kingo zimepotea. Rudia mguu ukiwa umeinuliwa na kukunjwa, ubinye kwa kiasi, utazame masikio ya farasi. Kisha fanya hivyo kwenye mguu wa pili, maana ulinganifu wa miguu miwili unakuambia zaidi kuliko mguu mmoja. Mwisho, gusa mshipa wa damu pembeni mwa kifundo. Kwa kawaida mpigo wake hautambuliki kirahisi. Ukidunda mkononi kwa nguvu, kuna uvimbe ndani ya kwato.

Ukaguzi huu hufanywa kabla farasi hajatoka bandani. Akishatembea dakika kumi, joto husambaa na uvimbe mdogo hushuka, nawe hutauona tena hadi kano ichanike.

Chakula: pima kwa mizani

Farasi wa mbio wa kilo 480 hula kilo 11 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani asilimia 2.3 hadi 2.5 ya uzito wake. Nusu au zaidi iwe nyasi. Mgawo unaofanya kazi vizuri kwa farasi aliye kwenye mazoezi kamili ni huu: kilo 6 hadi 7 za nyasi kavu za boma Rhodes pamoja na alfalfa kidogo, na kilo 5 hadi 5.5 za nafaka, hasa oti na shayiri, zikiwa zimegawanywa mara tatu. Mlo mmoja wa nafaka usizidi kilo 2. Tumbo la farasi ni dogo kuliko umbo lake, na wanga unaozidi hupita bila kusagwa hadi kwenye utumbo mpana, unachachuka huko, na matokeo yake ni tumbo kuuma au kwato kuvimba ndani.

Saa kumi na moja alfajiri mpe alfalfa kiasi cha nusu kilo, hakuna nafaka. Farasi anayekimbia tumbo likiwa tupu, asidi humrukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga, na vidonda vya tumbo ni vya kawaida sana kwa farasi wa mbio. Nyasi hizo chache huituliza asidi. Saa tatu, baada ya kazi na akiwa amepoa kabisa, kilo 1.5 za nafaka. Saa saba mchana kilo 1.5 nyingine. Saa kumi na moja jioni kilo 2, na wavu wa nyasi uliojaa wa usiku. Chumvi vijiko viwili vya chakula kila siku, zaidi kidogo siku za kutoka jasho jingi. Maji yasikatike, lita 30 hadi 50 ni kawaida. Tumia ndoo mbili badala ya bomba la kujiendesha, ili ujue alikunywa kiasi gani.

Gorogoro haitoshi kuwa kipimo. Ile inayobeba kilo mbili za mahindi, ukiijaza oti haifiki kilo moja na nusu, na ukiijaza pumba ya ngano haifiki hata kilo moja. Saisi anayebadilisha oti kwa mahindi kwa gorogoro ileile ameongeza chakula kwa zaidi ya nusu bila kujua, na mahindi yana nguvu kuliko oti kilo kwa kilo. Nunua mizani ya kuning'iniza, pima kila aina mara moja, na uchore alama kwenye kopo.

Mambo mawili ya hatari kubwa kwenye stoo. La kwanza ni mahindi yenye ukungu: sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa farasi, na hakuna tiba. La pili ni chakula cha ng'ombe au kuku. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa isiyomdhuru kuku lakini inayoua misuli ya moyo wa farasi kwa kiasi kidogo sana. Muulize mwenye kinu kama mashine yake inasaga chakula cha mifugo wengine, na kama jibu halieleweki, nunua nafaka nzima uiponde mwenyewe.

Nyasi zikiwa na vumbi, lowesha wavu mzima kwenye pipa la maji kwa dakika kumi hadi thelathini, uuchuje, ukampe palepale. Nyasi zilizolowa zikikaa hadi kesho huchacha kwa joto. Matandiko ya banda yawe maranda makavu ya mbao isiyotiwa dawa, unene wa kiganja na zaidi. Harufu ya mkojo inayokuchoma macho ukiinama ndiyo hewa anayovuta farasi usiku kucha.

Jumatatu

Farasi aliyekimbia jana hapandwi. Mkague miguu kama kawaida, kisha mtoe kwenye sakafu ngumu na tambarare. Mwongoze kwa kutembea, halafu kwa troti (mwendo wa mchakamchaka), mita thelathini kwenda na thelathini kurudi, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa hupanda. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Uchechemeaji mwingi wa baada ya mbio haujionyeshi jioni ya Jumapili wakati mwili bado una moto. Unajionyesha sasa. Asipochechemea, atembezwe kwa mkono nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na ale majani mabichi kidogo.

Nafaka ya siku ya mapumziko ni nusu, na inaanza kupunguzwa jioni ya siku iliyotangulia. Hapo ndipo wengi hukosea: hupunguza siku yenyewe, wakati tayari mlo kamili wa jana umeshaingia. Farasi aliyelishwa kikamilifu akasimama siku nzima bandani, akitolewa kazini kesho yake anaweza kukaza misuli ya mgongo na mapaja. Hatua zinafupika, anatoka jasho bila sababu, makalio yanakuwa magumu kama ubao, na mkojo unaweza kutoka rangi ya kahawa nyeusi. Ukiona hivyo, simama palepale. Usimrudishe kwa kumtembeza, maana kila hatua inaichana misuli zaidi na rangi ile ya misuli inayotoka kwenye mkojo huumiza figo. Mfunike mgongo, mletee maji, mwite daktari, na kama ni lazima ahamishwe, aje kwa gari. Majike wachanga wenye wasiwasi ndio hupatwa zaidi. Hao siku ya mapumziko watembezwe mara mbili bila kukosa.

Jumanne na Jumatano

Jumanne ni siku ya pumzi ndefu. Dakika kumi na tano za kutembea, troti mita 800, kisha kanta (mwendo wa kati ya troti na mbio kamili) mbili za mita 1,200 kwa mwendo wa sekunde 20 hadi 22 kwa kila mita 200, na dakika tano za kutembea katikati. Mpandaji asiruhusu kuvutana. Farasi anayevuta lijamu njia nzima amefanya kazi kubwa kuliko ile uliyoipanga, na itaonekana Jumapili kwenye mita 200 za mwisho.

Jumatano ni shoti, yaani mbio za kasi, kwa wale wanaokimbia Jumapili tu. Wafanye kazi wawili wawili, kwa sababu farasi peke yake hukimbia saa, wakiwa wawili hukimbiana. Mdhaifu atangulie, mwenye kasi afuate nyuma kwa urefu wa farasi wawili, wakutane mita 200 kabla ya mwisho, wamalize sambamba. Aliye nyuma asimpite mwenzake. Farasi anayeshindwa kila Jumatano nyumbani hujifunza kushindwa.

Kwa farasi wa mbio za mita 1,200, kazi yenyewe ni mita 1,000: za kwanza 600 kwa sekunde 15 kila 200, na 400 za mwisho kwa sekunde 13. Jumla ni sekunde 71. Ikija 67, mpandaji amekimbia mbio zako Jumatano. Kwa anayelenga mbio ndefu, kama Kenya Derby ya mita 2,400, refusha hadi mita 1,600 kwa sekunde 15 hadi 16 kila 200, na kasi iongezwe mita 200 za mwisho pekee. Uwanja wa mazoezi ukiwa mgumu kwa ukame hadi kisigino cha kiatu chako hakiachi alama, usipige shoti. Rudia kanta za Jumanne. Farasi wa miaka miwili wakikimbizwa kwenye ardhi kama hiyo huumwa mifupa ya mbele ya miguu, na hapo unapoteza mwezi au miwili.

Saa ya mkononi inakuambia nusu. Nusu ya pili ni moyo. Dakika kumi na tano baada ya kusimama, weka kifaa cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Chini ya 70 ni vizuri. Akiwa bado juu ya 80, ama hajaiva, ama kuna maumivu au ugonjwa unaokuja. Mpime joto tena jioni. Namba hiyo andika kwenye daftari kila wiki kwa kila farasi, maana kinachosema ni mabadiliko yake yeye mwenyewe.

Baada ya shoti, miguu ya mbele imwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika ishirini. Bendeji za usiku, ukizitumia, ziwe juu ya tabaka nene la pamba, zikizungushwa kwa mkazo uleule kutoka juu hadi chini na kurudi. Kidole kimoja kiweze kuingia juu. Fundo likae pembeni, wala lisikae nyuma kwenye kano. Bendeji iliyokazwa bila pamba huacha uvimbe wa mstari ambao kesho utaudhania kuwa ni kano iliyoumia, na wakati mwingine unakuwa kweli.

Alhamisi hadi Jumamosi

Alhamisi ni kutembea na troti, dakika arobaini. Ndiyo siku ya kutazama hori kwa makini: farasi aliyekula vizuri jioni ya Jumatano ameipokea kazi. Aliyebakisha, mpunguzie nafaka kwa robo na usimpe kazi yoyote ya kasi tena kabla ya mbio. Asipomaliza Alhamisi jioni pia, mwondoe kwenye mbio. Mwenye farasi atakasirika, lakini mweleze kwa daftari mkononi.

Ijumaa, kwa farasi mzito na mvivu, mita 400 za kasi nzuri humfungua mapafu. Kwa mwepesi na mwenye wasiwasi, kanta ya mita 800 inatosha. Jumamosi ni kutembea na kanta fupi.

Fundi wa viatu huja kila wiki tatu hadi nne. Viatu vya mazoezi ni vya chuma; vyepesi vya alumini hupigwa siku moja au mbili kabla ya mbio, si asubuhi ya mbio. Msumari uliokaribia sana sehemu hai ya kwato huonekana baada ya saa ishirini na nne, na unahitaji nafasi ya kuung'oa.

Siku hizi tatu pia ndizo za kulinda zizi dhidi ya vitu vilivyopigwa marufuku. Chai, kahawa, soda za kola na chokoleti zisiingie bandani, maana kafeini na jamaa zake huonekana kwenye vipimo. Miraa isitafunwe zizini. Anayemeza dawa ya maumivu au ya mafua asikojoe ndani ya banda: dawa hutoka na mkojo, farasi hula nyasi zilizolowa, na sampuli inarudi chafu. Kila dawa aliyopewa farasi iandikwe tarehe, saa na kiasi, na daktari aseme kwa maandishi ni lini itakuwa imetoka mwilini.

Jumapili

Mlo wa mwisho wa nafaka uwe saa nne hadi tano kabla ya mbio, kilo moja tu. Nyasi ziondolewe saa nne kabla, maji yabaki hadi saa moja kabla. Joto, miguu na viatu vikaguliwe kabla ya kupakia.

Joki, yaani mpandaji wa siku ya mbio, hupimwa uzito akiwa na tandiko, na hupimwa tena akirudi. Kitambaa cha chini, pamba na vipande vya risasi vya kuongeza uzito vifungwe bila kulegea. Mshipi wa tumbo ukazwe mara mbili: bandani, kisha tena kwenye uwanja wa maonyesho, kwa sababu farasi hujaza kifua unapomfunga mara ya kwanza. Maagizo kwa joki yawe sentensi mbili. Zaidi ya hapo hakumbuki.

Akirudi, mmwagie maji baridi mengi mfululizo, shingo, kifua na katikati ya mapaja, huku akitembea. Usipoteze muda kumkwangua jasho kati ya ndoo na ndoo. Mwache anywe. Ukiona damu puani, mwarifu daktari wa uwanja papo hapo. Nyumbani apewe nyasi kwanza, na nafaka nusu mlo baada ya saa mbili.

Msimu wa mvua

Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huletwa na usubi wanaouma kuanzia machweo hadi macheo, na huongezeka baada ya mvua. Farasi wote wawe ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana, na maji yaliyotuama karibu na mabanda yamwagwe. Chanjo inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, ni chupa mbili tofauti, zinazodungwa kwa nafasi ya wiki tatu au zaidi. Ni chanjo ya virusi hai, kwa hiyo panga wiki ambazo huna mbio, mpime joto asubuhi na jioni, na kazi iwe ya kutembea tu akiwa na homa. Dalili ya kuikumbuka ni mashimo yaliyo juu ya macho kujaa na kuvimba, homa ikipanda hadi 40 na zaidi, na povu puani. Ukiviona, mtenge farasi huyo, puliza dawa ya wadudu kwenye mabanda yote, na mpigie daktari usiku huohuo.

Kupe nao watafutwe kwa vidole kila jioni: chini ya singa, ndani ya masikio, chini ya mkia na kati ya mapaja. Farasi aliyechoka ghafla, mwenye homa na ufizi uliopauka au wenye rangi ya manjano, achukuliwe damu siku hiyohiyo, hata kama jana alimaliza hori.